Maradhi ya Kuazima

"Rudisha mkono ndani, mama. Mgonjwa hajipangii mto."

Mama akauingiza mkono chini ya blanketi, akatulia. Binti yake akaenda dirishani, akachungulia barabarani, akarudi kitandani, akaiinua bilauri ya maji na kuiweka palepale alipoitoa. Vidole vyake vilikuwa vimevimba tangu alfajiri, na moyo wake haukutaka kukaa mahali pamoja.

Kazini walimwita Mkasi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekata vitambaa vya sare katika karakana ya ushonaji, na mkato wake haukuwahi kurudiwa. Wasilolijua ni kwamba ana baridi yabisi. Ziko asubuhi ambazo viungo vyake hugoma kufunguka, akashindwa hata na vifungo vya nguo yake, sembuse mkasi. Asubuhi kama hizo hupeleka habari kazini kwamba mama yake amezidiwa, naye hana wa kumwachia. Uongo huo ulimsitiri mwaka mzima. Leo ulikuwa umezaa: msimamizi wa karakana alikuwa njiani, pamoja na mpiga pasi, wanakuja kumjulia hali mgonjwa.

Nao walikuja katika wiki mbaya. Msimamizi alikuwa akitafuta mtu wa kukabidhiwa meza kuu ya ukataji, na macho yote yalimwelekea Mkasi. Lakini Mkasi hakumsahau mshonaji mmoja aliyewahi kukiri kuwa mgongo unamsumbua. Walimhurumia sana, kisha wakampa ufagio azoe nyuzi.

"Ulimi huumba," mama alikuwa amemwambia jana, alipopewa habari za ugeni huu. "Umeniuguza mwaka mzima bila hata ya kunitaarifu. Ningejua, ningedai chai kitandani." Kisha akacheka, akakubali.

Hakuhitaji kufundishwa mengi. Mama ndiye aliyemchemshia binti maji ya kukandia vidole kila kulipokucha. Yeye ndiye aliyetangulia kuitia mikono yake katika beseni, akisema anapima moto, na akaupima hata binti akalazimika kumkumbusha kwamba maji yanapoa.

Hodi ikapigwa.

Wageni wakaingia na mfuko wa machungwa, wakaamkia kwa adabu, wakapewa viti. Mpiga pasi, ambaye ulimi wake ulikuwa haupoi kama pasi yake, hakukawia.

"Mama, kumbe wewe ndiye unayetuzuilia Mkasi wetu? Ukikohoa huku, kule suruali zinatoka na mguu mmoja mrefu."

"Basi nitajitahidi kukohoa kwa kipimo," mama akajibu.

Wakacheka wote isipokuwa Mkasi, ambaye alisimama, akaketi, akasimama tena. Msimamizi akakisogeza kiti chake karibu na kitanda, akauliza kwa upole ni wapi hasa panapouma.

"Mwanangu, asubuhi mikono hii huamka baada yangu," mama akasema. "Mimi nimekwisha kusali, yenyewe ingali usingizini. Goti likinyamaza, bega hudai zamu yake. Na taya. Kuna siku kipande cha mkate hukitazama tu, mpaka chai ikilainishe."

Mkasi akajikohoza. Goti na bega alimfundisha mwenyewe, ila taya halikuwemo. Taya lake yeye halijauma hata siku moja. Mama alikuwa ameanza kutia chumvi, na chumvi ikizidi, mgeni huuliza mpishi ni nani. Akamwonya kwa jicho. Mama hakumtazama. Aliomba maji, akaipokea bilauri kwa viganja viwili, kama mtu aliyebeba kifaranga, akanywa funda dogo. Hilo nalo halikuwa katika mafunzo, na Mkasi, pamoja na hofu yake, akakiri moyoni kwamba limefana.

Msimamizi akainamisha kichwa. Alipokiinua, macho yake yalikuwa yamelegea.

"Umefanya vyema kutojificha, mama. Mficha maradhi, kilio humfichua." Kisha akamgeukia Mkasi. "Nilikuja nikiwa na shaka juu yako, sasa sina. Meza kuu ni yako. Siku mama akizidiwa, mhudumie kwanza, kisha ndipo uje. Angekuwa mgonjwa ni wewe, ningesema mengine. Meza ile haistahimili mkono unaoyumba."

Mkasi akashukuru, mikono akiwa ameificha mgongoni.

Wageni wakaomba dua, wakaaga. Mpiga pasi akamsihi mama apone taratibu, asije akawaharibia wenzake kisingizio cha kutembea. Mkasi akawasindikiza hadi barazani, akangoja wapotee kwenye kona, akaufunga mlango na kuuegemea. Kwa mara ya kwanza siku hiyo miguu yake ikatulia. Akacheka hadi akajifuta machozi.

"Inuka, mama, tule machungwa. Hata taya? Umelitoa wapi taya?"

Mama hakuinuka. Alikuwa akitazama dari.

"Nishike makwapani uninyanyue," akasema. "Polepole."

"Wamekwisha kwenda, mama. Acha kuigiza."

Mama akaitoa mikono yake chini ya blanketi na kuilaza kifuani, ikakaa wazi mwangani, imevimba na kupinda vifundoni, kidole kwa kidole kama mikono ya binti yake.

"Nimeacha, mwanangu," akasema. "Nimeacha leo, tangu walipopiga hodi."