Mvua ya Meneja

"Zimeni hilo dude!" Mwahija alikuwa juu ya benchi, kitambaa cha kichwa kimemtelezea sikioni. "Linatuziba masikio! Mnatuficha nini?"

Ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Wanawake sitini, kila mmoja na beseni lake la korosho, nzima huku, vipande kule, waliacha kuchambua wakapiga meza kwa viganja.

Meneja Dominick akatoka ofisini anatabasamu. Ofisi yenyewe ilikuwa kona ya ukumbi huohuo wa kiwanda, nje kidogo ya mji wa Lindi, imezungushiwa plaiwudi isiyofika darini. Ukipiga chafya ndani, nje wanakuambia pole. Ndiyo maana aliagiza mashine kutoka Dar es Salaam: spika mbili zenye sauti ya mvua juu ya bati, mfululizo, kutwa nzima. Karatasi ya maelezo yake ilisema inawatuliza watu kazini na kumeza maneno yasifike kwa jirani.

Siku ya kuifunga, fundi Huseni aliuliza, "Bosi, spika tunaziweka upande gani?"

"Siri ni za nani?"

"Zako."

"Basi weka kwangu. Hao niwanyeshee mvua bure?"

Huseni akafunga, akachukua ngazi yake, akaondoka.

"Mwahija, shuka," Dominick alisema sasa. "Haizimwi. Kelele zako ndizo zinanionyesha kwamba inafanya kazi."

"Kijana huna haya wewe. Shikamoo hutoi, maneno unatuficha."

Dominick akamgeukia bibi wa meza ya mbele. "Mama Martina, hapo ulipo unasikia nini ofisini kwangu?"

Martina akalikuna sikio. "Mvua tu, mwanangu. Utadhani masika."

Meneja akacheka kwa raha. Akarudi ndani, akaongeza sauti ya mashine.

Mwahija hakuzaliwa mgomvi. Alikuwa na kumbukumbu, ugonjwa ambao wenye viwanda huwaombea wafanyakazi wao wapone. Mama yake alibangua korosho kwenye kiwanda cha zamani mpaka vidole vikababuka kwa mafuta ya maganda. Siku moja akaitwa ofisini peke yake, akawekewa karatasi ya kukubali kuachishwa kazi. "Weka dole gumba, wenzako wote wameshaweka." Akaweka. Alipotoka akapishana na mwenzake anaingia, dole safi, hajaweka chochote. Kufika adhuhuri wanawake arobaini walikuwa wamekwisha, mmoja mmoja, kila mmoja akiamini yeye ndiye wa mwisho. Rungu halikuhitajika. Foleni ilitosha.

Na sasa tetesi zilikuwa zilezile. Mtambo wa kuchambua unakuja. Wanawake kumi na wanane wataondoka. Barua zitatolewa Ijumaa, kwa kuitwa mmoja mmoja. Akina nani? Hapo ndipo roho zilipokuwa juu. Mwenye kujua mapema kwamba jina lake limo ana muda wa kumfikia afisa kazi mjini. Asiyejua ataingia peke yake, atatoka na wino kidoleni.

Alhamisi saa nne asubuhi Dominick alimwita karani wake, Rosemary, akafunga mlango. Mashine ikapandishwa hadi mwisho. Rosemary akaweka vidole kwenye kompyuta, shingo ameinyoosha.

"Sema tena, bosi?"

Akasema tena. Jina, namba ya meza. Jina, namba ya meza.

"Huyo wa tisa sijampata."

Akarudia orodha yote tangu mwanzo, mpaka mshipa wa shingo ukamsimama.

Siku hiyo Mwahija hakupanda benchi. Saa sita meneja alichungulia nje, akaona vichwa sitini vimeinamia mabeseni, vidole vinakwenda, hakuna hata anayekohoa.

"Unaona?" alimwambia Rosemary. "Wameshazoea. Mtu akikosa cha kusikiliza, anafanya kazi."

Ijumaa saa mbili barua kumi na nane zilikuwa mezani, zimepangwa, kidau cha wino pembeni. Dominick akafungua mlango amwite wa kwanza.

Wa kwanza alikuwa amesimama pale mlangoni. Ni Martina. Nyuma yake Natalia. Nyuma ya Natalia, Zakia. Wanawake kumi na wanane, kwa mpangilio uleule wa barua, Mwahija akiwa wa saba, na mkiani mwao afisa kazi na jalada kwapani. Waliobaki, wote arobaini na wawili, walisimama nyuma yao, mikono wameikunja kifuani.

"Tumekuja kwa pamoja," Mwahija alisema. "Zisomwe hapahapa mbele ya afisa, moja hadi ya mwisho. Leo haweki dole mtu."

Dominick alizitazama barua, akawatazama wanawake, kisha akamgeukia karani wake.

"Wewe! Umeitoa orodha yangu! Kusanya vitu vyako, leo hii unaondoka!"

Rosemary akaangua kilio. "Haki ya Mungu, bosi, sijamwambia mtu yeyote!"

"Mwache mtoto wa watu," Mwahija alisema. "Umetusomea mwenyewe jana, tena mara mbili; kelele zangu za benchini zilikuwa za kukuzuga tu. Mvua yako inanyesha humo ndani tu, baba. Huku kwetu kukavu."