Kifungo Chekundu

Kamera mbili za dijitali zilikuwa mbele yangu, na moyoni nilishachagua ile ndogo. Picha zake kwenye mwanga hafifu wa kanisani hazina chengachenga, na mimi kazi yangu ni harusi.

"Jaribu na hii basi, dada," mwenye duka akang'ang'ania. "Lenzi yake inavuta mbali."

Sisi wapiga picha wa Tunduma lenzi huwa tunaipimia Zambia. Ukisimama mlangoni ukavisoma vizuri vibao vya maduka ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, lenzi hiyo inafaa. Nikasogea mlangoni, nikavuta. Kibao cha saluni kikaja safi. Chini yake akaja Wilbard, mume wangu, ambaye toka Jumatatu yuko Ivuna kufuata chumvi.

Alikuwa amebeba mtoto begani. Mtoto alivaa sweta la njano.

Nikavuta hadi mwisho. Vifungo vitatu vyeupe na kimoja chekundu, kwa sababu vyeupe viliniishia wakati nalifuma, nikiwa na mimba ya miezi minane. Nililifuma kubwa ili mwanangu akue nalo. Mwanangu hakukua. Wanaume walikwenda kuzika mimi nikiwa bado wodini, na Wilbard akarudi akaniapia kwamba amemzika nalo.

"Umeishikilia muda mrefu, dada," mwenye duka akasema. "Kama ni nzito, chukua ile ndogo. Kwa harusi ndiyo nzuri."

"Nani kakwambia nataka ya harusi?" nikamjibu, kidole kikiwa kwenye kitufe. "Hii ina kadi ndani?"