Mama wa Mwenzio

Mghoi, jirani wa Wakesho wa mlango wa pili, anaapa kwamba kaunti ya ng'ambo kuna mwanamke aliyemnywesha mamake uji kwa mkono wake mwenyewe, na siku hiyohiyo kaunti ikamhamishia mama kwa watu baki.

"Kumtunza mzazi wako si ajira, dadangu," akasema. "Wa mwenzio ndiyo ajira."

Basi kila asubuhi Wakesho humwogesha mamake Mghoi, naye Mghoi humwogesha mamake Wakesho. Hupishana uani na ndoo zao.

Asubuhi hiyo redio ilishangilia: kaunti yao, iliyoburuta mkia miaka nenda miaka rudi, mwaka huu imezipita zote kwa kazi za huduma. Wakesho alikuwa akisugua mgongo usio wa kwao. Ukuta ulikuwa mwembamba; upande wa pili mamake alikuwa akiogeshwa na Mghoi.

"Polepole, mwanangu, bega hilo linauma."

"Aa, mama nawe, umezidi kudeka!"

Kisha sauti ya mamake ikapenya ukutani. "Wakesho! Najua unanisikia. Njoo uninyanyue mkono wewe, leo tu."

Mamake Mghoi akamshika Wakesho kiganja. "Ukienda," akanong'ona, "niitie na Mghoi wangu."

Wakesho akakikamua kitambaa, akaendelea kusugua.