Boya Chini ya Wimbi

Kidole cha Nusaiba kilisimama juu ya kitufe kimoja cha kompyuta. Akikibonyeza, boya lake litazama.

Kutoka kibarazani kwao Madale, bahari ilikuwa utepe wa kijivu nyuma ya mabati ya watu. Huko, mbele ya Kunduchi, boya lilikuwa likigeuza mawimbi kuwa umeme, na kimbunga kilikuwa njiani. Boya la kwanza aliliacha lielee, dhoruba ikalipasua. Hili la pili lingeweza kujaza maji tumboni na kulala chini mpaka upepo upite, kisha pampu iyatoe maji, liibuke. Pampu hiyo ilikuwa haijawahi kujaribiwa baharini.

"Likikataa kuibuka, mama, ndiyo basi. Miaka minne yote."

Mama yake akaweka ungo wa mchele pembeni. "Sie utotoni wimbi kubwa hatukulisubiri tumesimama. Tulilipitia chini. Mfundishe kupiga mbizi huyo mjukuu wangu. Hivi."

Akajaza mashavu, akafumba macho, akabana pua kwa vidole vyenye vumbi la mchele. Upepo ukauinua mtandio wake, ukaelea taratibu, kana kwamba tayari yumo majini.

Nusaiba akabonyeza.

Taa ya kijani, iliyoonyesha kwamba boya liko juu ya maji, ikazimika kwenye kioo.

"Mama, achia pua sasa."

Mama akatikisa kichwa. Mashavu yakiwa bado yamejaa, akanyoosha kidole kuelekea baharini.