Uhakiki Uliokatwa kwa Wembe

Ukurasa wa nne haukuwepo. Mtu alikuwa ameukata kwa wembe, taratibu, akifuata mstari. Zornitsa alibaki ameduwaa mbele ya gazeti hilo kuukuu katika maktaba ya mji wa Ruse.

Majira yote ya baridi alikuwa akipekua maktaba na vyumba vya chini, vile ambamo watu huweka mitungi ya achali juu ya magazeti ya enzi za Chama cha kikomunisti. Alitafuta hakiki za mzee Velizar Kunchev. Enzi hizo mzee akiandika kwamba filamu ni mbovu, haionekani tena. Siku hizi hata muuza mkate wake hamjui, na jambo hilo lilimuuma kuliko goti lake.

Alipoletewa nakala zake, mzee alifurahi hadi akalengwa na machozi. Akammiminia mgeni rakia, pombe kali ya matunda. Zornitsa akamwaga tone sakafuni kabla ya kunywa, kama inavyopasa kwa ajili ya marehemu.

“Unamkumbuka nani, binti?”

“Wa nyumbani.”

“Mungu amsamehe. Alipenda sinema?”

“Kupita kiasi.”

“Basi mwenzetu huyo!” Mzee akacheka hadi akakohoa.

“Ulibaki mmoja, mzee. Ule wa filamu ya Lyuben Mirkov. Maktabani umekatwa.”

Kicheko kikakatika. “Achana na huo. Huwezi kuupata, nilihakikisha mwenyewe.”

“Nimeshaupata. Kuna mjane aliuficha ndani ya koti la mumewe.”

Mzee aliizungusha glasi yake mezani. “Nyakati zenyewe zilikuwa hizo, mwanangu. Unaambiwa andika, unaandika. Uchome.”

“Niuchome? Mzee wangu, huo ndio ulioandikwa vizuri kuliko yote. Hakuna neno la kuondoa.”

“Kweli?”

“Nimeukariri.”

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu hakuwa amesifiwa kwa miaka mingi. Akaanza kulainika. Akauliza kama sentensi ya mwisho bado inasomeka, kwa maana ilimkosesha usingizi alipokuwa akiitunga. Zornitsa akamwambia inasomeka sana.

“Haya, chapa,” mzee alisema. “Lakini usibadilishe hata nukta. Mimi si mwandishi wa kusahihishwa.”

“Sibadilishi kitu. Mji mzima utakusoma.”

Alhamisi asubuhi mzee alitoka kwenda kununua mkate. Langoni pake majirani walikuwa wamesimama, wanasoma. Aliwasalimu. Hakuna aliyeitikia.

Lilikuwa tangazo la msiba, lenye ukingo mweusi, kama yale ambayo kila familia hubandika mitaani kumbukumbu ya marehemu wao inapofika. Mengine yalikuwa kwenye nguzo za umeme, kituo cha basi na mlango wa kanisa, hadi sokoni. Picha ilikuwa ya kijana anayecheka: Lyuben Mirkov, miaka thelathini tangu afie kwenye machimbo ya mawe ya kambi ya wafungwa.

Chini ya picha, mahali pa maneno ya majonzi, ulichapwa uhakiki wote pamoja na jina la mwandishi wake. Sentensi ya mwisho ilisema: “Mtu huyu anyang'anywe kamera, apewe sururu.”

Kisha yakafuata majina ya wafiwa: Stefka, mkewe, na Zornitsa, bintiye.