Kilo za Mjukuu

Bi Mashavu alimleta zahanati mjukuu wake mchanga mwenye homa, amemfunga blanketi, kamvisha sweta mbili na vikuku vizito vya fedha miguuni. Muuguzi Chiku akataka avuliwe, bibi akaapa kwamba mtoto atapigwa na upepo. Basi akatundikwa mzanini vile vile.

"Kilo saba!" bibi akatangaza, benchi zima lisikie. "Halafu wanasema kwangu watoto hawali!"

Chiku akapiga hesabu ya dawa kwa kilo hizo, kisha akaihakiki kwa kuanzia mwisho. Jibu likawa lile lile. Akaivuta dawa kwenye bomba la sindano, akalishika paja la mtoto amchome. Vidole vyake vikazunguka paja vikakutana. Akaweka bomba chini.

"Bibi, hesabu yangu ni sawa. Ila hizi kilo si za mtoto peke yake."

"Za nani tena?"

"Za blanketi. Na dawa hii ikizidi inamdhuru."

Bi Mashavu akalitazama benchi. Halafu akaanza kumvua mjukuu, blanketi, sweta, sweta ya pili, mwisho vikuku, akavifumbata mkononi. Chiku akamtundika tena. Mtoto alipopata hewa akafurahi, akarusha miguu, mzani ukabembea.

"Sita!" akasema mmoja wa benchini.

"Sita na nusu, bwana, huoni?"

"Hebu nyamazeni, mnamchekesha," bibi akawakemea, naye anatabasamu. "Ngojeni atulie. Tunataka zake mwenyewe."

Wakanyamaza wote, macho kwenye mshale, nao unakwenda na kurudi.