Maua ya Makaburini

Kipupwe kilikuwa kinaelekea ukingoni, na mji mzima haukuwa na maua isipokuwa ya mishubiri iliyopandwa makaburini. Ndiyo pekee yaliyowalisha nyuki wa Bi Mashavu. Asubuhi ile alikuta yamefyekwa yote, hata juu ya kaburi la mumewe. Mashina yalitoka utomvu wa manjano, na nyuki walizunguka juu yake kama wafiwa waliokuta maiti ameshazikwa.

Maua aliyaona uwanjani, yametungwa kishada shingoni mwa mgeni rasmi.

“Shemeji, umechelewa!” alisema Mbaruku, mdogo wa marehemu, mwenyekiti wa mtaa. “Leta asali, mgeni aonje utamu wa kwetu.”

Bi Mashavu alikitazama kishada. Akatema mate chini, mbele ya kadamnasi.

“Utamu umeshamvisha shingoni, shemeji. Umemvua kaka yako.”

Akaukumbatia mtungi wake wa asali, akageuka kwenda zake.

Watu waliguna. Mgeni, asijue pa kuweka uso, alikiinua kishada akakinusa. Nyuki mmoja alikuwa ameshatua juu yake, na kutoka upande wa makaburini mvumo ulikuwa unakaribia.